Vidole Vinne Bila Gumba: Kisa cha Mafuta ya Ndimu na Jua la Raskazone

Shangazi alinipigia simu Jumanne baada ya Isha. Hata shikamoo yangu hakuingoja ikamilike. "Mwanangu, njoo umtazame mdogo wako. Humu ndani wameshaanza kutaja mkanda wa jeshi."

Harusi ilikuwa Ijumaa. Anayeishi Tanga anajua neno hilo lina uzito gani likitajwa kwa bibi harusi siku tatu kabla ya ndoa. Kijana wa miaka 26 akisemwa ana mkanda wa jeshi, watu hawaishii kwenye ngozi. Wanaanza kuulizana mambo ya damu yake, na kabla hakujapambazuka habari imeshafika upande wa bwana harusi, imeongezwa chumvi.

Nilimkuta chumbani, kanga ameitupia begani, shingo ameielekeza dirishani ili upepo umpate. Nikaomba taa ya simu. Kutoka chini ya sikio la kulia ilishuka michirizi mitatu mpaka kwenye mtulinga, myembamba juu, minene chini, kila mmoja ukiishia na duara dogo kama tone lililotaka kudondoka likaganda. Juu ya ile michirizi kulikuwa na malengelenge yaliyojaa maji. Upande wa kushoto mchirizi mmoja. Mikononi, kuanzia kiwiko hadi kifundo, mabaka yaliyoiva, meusi yenye kung'aa, ya moto ukiyagusa, na kingo zake zimenyooka kana kwamba mtu amezichora. Mgongo na tumbo vilikuwa salama. Usoni hamna kitu.

"Inakuwasha?"

"Haiwashi, dada. Inaunguza."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae chini. Mzio kwa kawaida huwasha, mtu anajikuna mpaka anatoka damu. Mkanda wa jeshi nao hushika upande mmoja wa mwili, hauvuki mstari wa katikati, na huu ulikuwa pande zote mbili. Kulikuwa na wazo la tatu, lile la mdudu mwekundu na mweusi wa msimu wa mvua, Nairobi fly, ambaye ukimponda juu ya ngozi majimaji yake yanaacha mchirizi wa kuungua. Lakini mtu hampondi mdudu shingoni mara nne na kwenye mikono yote miwili kwa siku moja.

Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya mwili hapa Tanga, huu ni mwaka wa tisa. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja mwenye shida ya ngozi: umepaka nini?

"Yale yako," akasema.

Kweli yalikuwa yangu. Wiki mbili nyuma alinitumia ujumbe akitaka mafuta ya kujipaka kabla ya singo, yenye harufu ya matunda, si udi wala asumini, maana hizo angezivaa siku zenyewe za harusi. Nikamwandikia: mafuta ya nazi safi mililita 100, mafuta ya harufu ya machungwa au jamii yake matone 20, changanya, weka kwenye chupa nyeusi. Ujumbe ule bado ninao kwenye simu. Maneno mawili, "jamii yake", ndiyo niliyoyaandika bila kufikiri.

Akanionyesha vitu. Kichupa cha mililita 10 alichoagiza kutoka Dar es Salaam, kwenye lebo pameandikwa lime na chini yake cold pressed. Yaani ndimu, ya kukamuliwa. Machungwa hakuyapata dukani, akachukua ndimu, kwani ndimu na chungwa si ndugu? Alipochanganya matone 20 hakuisikia harufu, mafuta ya nazi ya kwetu yana harufu yake na inaimeza nyingine, basi akaongeza mpaka matone 60. Alipimia kwenye kikombe cha mtindi cha plastiki. Kikombe alikuwa nacho bado: kitako kimelainika, kimekuwa cheupe cha ukungu, na kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Limonini iliyomo kwenye mafuta ya maganda ya matunda haya huyeyusha plastiki ya namna ile. Ndiyo maana mafuta haya huwekwa kwenye vioo.

Na alipima kwenye ngozi. Hili naliweka wazi kwa sababu baadaye wapo waliomlaumu kwamba alikurupuka. Jumatano iliyotangulia alipaka kidogo kwenye mkunjo wa kiwiko kama nilivyomfundisha, akavaa nguo ya mikono mirefu, akasubiri mpaka Ijumaa asubuhi. Hapakutokea kitu. Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya kuoga, akajipaka shingoni na mikononi, akavaa fulana na kilemba, wakaenda Raskazone yeye, dada zake na watoto. Saa tano akajipaka tena, papo hapo ufukweni. Walirudi alasiri. Jumapili jioni ngozi ikaanza kumchoma, akadhani ni jua na chumvi ya bahari. Jumatatu malengelenge.

Tulipokuwa tunayazungumza hayo aliingia mtoto wa dada yake, wa miaka minne, amevaa singlendi, amekuja kulala kwa mama mdogo. Mwanga wa simu ukampitia mkononi. Juu ya kiwiko, upande wa nje, palikuwa na alama nne za rangi ya kahawia iliyokolea, zimepangana sambamba, ndefu kama vidole. Vilikuwa vidole.

Shangazi akasema kwa sauti ya chini kwamba yule dada wa kazi ndiye aliyemfinya. Wameiona alama asubuhi wakati wa kumwogesha. Mchana wamempandisha basi, amerudi kwao milimani. Alikana mpaka analia, lakini alama si hiyo hapo?

Nikamsogeza mtoto karibu, nikamgeuza mkono. Ngozi haikuvimba. Nikabonyeza polepole, hakulia, akacheka kwa kutekenywa. Kisha nikatafuta gumba. Mkono unaomkamata mtoto kwa nguvu unazunguka, vidole vinne upande huu na gumba upande wa pili, na kwenye kufinya gumba ndilo linalouma zaidi. Hapa upande wa ndani wa mkono, ule unaolala ubavuni, ulikuwa mweupe pe, hauna hata kivuli.

"Nani alimbeba Jumamosi kumwingiza majini?"

Mdogo wangu akanyanyua mikono yake miwili, akaitazama viganja.

Kilichotokea kwenye ngozi

Ganda la ndimu limejaa vifuko vidogo vya mafuta, vile vinavyokurukia machoni ukilikunja. Ndani ya mafuta hayo, pamoja na limonini na vitu vingine vya harufu, kuna kundi la kemikali liitwalo furanokumarini. Mojawapo ni bergapteni. Zikikaa kwenye ngozi gizani hazifanyi jambo la kuonekana. Zinaingia kwenye seli na kutulia. Tatizo linaanza miale ya jua inapozikuta, hasa miale ya UVA, ya urefu wa nanomita 320 hadi 400. Furanokumarini hunyonya nguvu ya miale hiyo, zikajifunga kwenye vinasaba vya seli, na seli zinaharibika. Ni kuungua kwa maana halisi ya neno, isipokuwa kunachelewa: kwa kawaida huanza kama siku moja baada ya jua, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza watu. Jumatatu mtu anawaza alikula nini Jumapili. Mafuta ya Jumamosi ameshayasahau.

Si mzio. Mzio humchagua mtu. Hili halichagui: ngozi yeyote, ikiwa na mafuta ya kutosha na jua la kutosha, itaungua, nyeusi kwa nyeupe. Tofauti iko kwenye kuonekana. Vitabu vingi huanza na wekundu, na kwenye ngozi zetu wekundu haujitokezi, ndiyo maana dalili ya kwanza ya mtoto ilikuwa ni alama ya kahawia ambayo kwa macho ya haraka inafanana na vilio la damu. Na weusi unaobaki kwetu hukaa muda mrefu zaidi.

Umbo ndilo shahidi mkuu. Mafuta hutiririka kabla hayajakauka, na ngozi inaungua pale tu yalipopita. Michirizi mitatu ya shingoni ilikuwa njia ya mafuta ya saa tano, alipoinamisha chupa juu ya bega na joto likayafanya mepesi. Vidole vinne vya mtoto vilikuwa vidole vya mama yake mdogo, vyenye mafuta, vilivyomshika mkono juu ya kiwiko kumnyanyua. Vidole vinne vilikaa nje, vikaachia mafuta juani. Gumba lilikaa ndani, kivulini, ambako mtoto mwenyewe aliubana mkono wake mchana kutwa. Mafuta yalikuwepo pande zote mbili. Jua lilikuwepo upande mmoja.

Madaktari wa watoto wanaijua alama hii. Imeandikwa katika nchi mbalimbali kwamba watoto walioshikwa na mikono yenye maji ya ndimu, kisha wakacheza juani, waliota alama za vidole, na wazazi wao wakashukiwa kuwapiga. Nilikuwa nimewahi kuisoma. Sikutegemea kuiona kwenye mkono wa mtoto ninayemfahamu, na kwamba aliyeshukiwa ameshapanda basi.

Na michirizi ya shingoni ina historia ndefu kuliko hiyo. Ile maji ya manukato ya mji wa Cologne, Ujerumani, ambayo Johann Maria Farina alianza kuiuza mwaka 1709, ilibeba harufu ya bergamoti, tunda la jamii ya danzi linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Watu waliinyunyiza shingoni kwa miaka mingi. Mwaka 1916 daktari aitwaye Freund alieleza weusi uliotokea kwa watu waliojipaka maji hayo na kukaa juani. Mwaka 1925 mwenzake, Rosenthal, aliuona weusi huo umeshuka shingoni kama kidani, akaupa jina kutokana na neno la Kifaransa la pambo lining'inialo. Bibi harusi wetu alivaa kidani hicho bila kukinunua.

Tunda moja, mafuta mawili

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningelipigia kengele kama ningekuwa na kengele. Watu wananiuliza: mafuta ya ndimu ni mabaya? Siwezi kujibu mpaka nijue yametolewaje.

Wengi wetu pwani tunapofikiria mafuta ya harufu tunafikiria mvuke. Tunakijua kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba: makonyo ya karafuu yanachemshwa kwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Tunadhani kila kichupa kimezaliwa hivyo. Mafuta ya maganda ya ndimu, limau na chungwa mara nyingi hayapiti huko. Yanakamuliwa baridi, ganda linakwaruzwa na kubanwa, kila kilichomo kinatoka, vyepesi na vizito pamoja. Furanokumarini ni nzito. Kwenye mvuke haziruki, zinabaki kwenye chungu pamoja na nta. Kwenye kukamua zinatoka zote. Kwa hiyo ndimu ileile, kutoka mti uleule, inaweza kutoa mafuta yanayokuunguza na mafuta yasiyokuunguza.

Usiku ule nilimwonyesha mdogo wangu kwa karatasi. Nyumbani ninacho kichupa cha ndimu ya mvuke ninachotia kwenye sabuni, nikamtuma kijana akakilete. Nikachukua karatasi nyeupe ya daftari, tone moja la kichupa chake, tone moja la kichupa changu, nikaandika juu kwa penseli "lako" na "langu", tukaiacha mezani chini ya feni. Tuliponusa mara ya kwanza zilitofautiana: lake lilinukia ganda bichi, kama vile umekwangua ndimu kwa kucha, langu lilikuwa tamu, kama soda ya ndimu. Asubuhi tone langu halikuwepo. Karatasi ilikuwa safi kama haijaguswa. Tone lake liliacha duara la manjano, lenye mafuta, ukilielekeza kwenye mwanga linapitisha nuru kama karatasi ya maandazi. "Hicho kilichobaki," nikamwambia, "ndicho kilichobaki shingoni kwako." Duara lile ni nta na vitu vizito, furanokumarini zikiwemo.

Karatasi hiyo isimdanganye mtu lakini. Inakuambia mafuta yamekamuliwa au yamepitishwa kwenye mvuke, basi. Mafuta ya chungwa tamu pia hukamuliwa na yataacha doa, ila yenyewe hayana furanokumarini za kutisha na hayachomi juani. Kama mdogo wangu angelipata chungwa dukani, hata kwa matone 60, angekuwa na mafuta makali kupita kiasi lakini shingo yake isingeungua hivi. Sisi tuko jirani na Muheza, machungwa yanamwagika barabarani kwa magunia, na binti wa Tanga kaungua kwa kukosa mafuta ya chungwa. Limekaa rohoni hilo.

Shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, IFRA, limeweka vikomo kwa mafuta yaliyokamuliwa yanayobaki kwenye ngozi inayopigwa na jua. Bergamoti, mwisho asilimia 0.4 ya mchanganyiko wote. Ndimu, asilimia 0.7. Danzi, 1.25. Limau, 2. Balungi, 4. Tazama jinsi zinavyoachana: jamii moja, lakini bergamoti na balungi zimepishana mara kumi. Na ukichanganya mbili, vikomo havijitegemei. Ukishatumia nusu ya kikomo cha ndimu, imekubakia nusu tu ya kikomo cha limau.

Tufanye hesabu ya chupa ile. Mililita moja ni matone kama 20, ingawa vichupa hutofautiana na vingine hutoa matone madogo zaidi. Matone 60 ni kama mililita 3 ndani ya 100, yaani asilimia 3. Kikomo cha ndimu ni 0.7. Alipita zaidi ya mara nne. Hata yale matone 20 ya maelekezo yangu, kwa ndimu ya kukamuliwa, ni asilimia 1, yamepita. Kwa ndimu hiyo ningetakiwa kuandika matone 14 yasizidi, na kwa kuwa matone hayafanani ningeandika 10. Na kama ni mtu wa kukaa juani, ningeandika: usitumie hii kabisa, tafuta ya mvuke. Wauzaji makini huandika kwenye lebo distilled kwa ya mvuke, na expressed au cold pressed kwa ya kukamuliwa. Bergamoti iliyoondolewa bergapteni huwekwa alama FCF. Kichupa kisichosema kimetolewaje mimi nakihesabu kuwa kimekamuliwa.

Sasa lile jaribio la kiwikoni. Lilifanywa sawasawa na lilijibu swali lake: je, mafuta haya yananiletea mzio? Hapana. Swali la jua halikuulizwa, kwa sababu kiwiko kilikuwa ndani ya nguo. Nimefundisha jaribio hili kwa miaka na nimewaona watu wakilichukua kama cheti cha usalama wa kila kitu. Kwa mafuta ya jamii hii cheti hicho kina upande mmoja tu. Na tafadhali mtu asiende kujaribu kwa kujianika juani. Anayetaka kujua asome lebo na ahesabu matone. Au apake usiku, mahali panapofunikwa na nguo, na akae muda wa saa 12 angalau kabla ngozi hiyo haijaonana na jua. Mawingu si kinga. Kioo cha pembeni cha gari pia si kinga ya kutegemea, UVA inaweza kupenya.

Wanaojipaka ndimu yenyewe, ndimu na sukari usoni kuondoa madoa kisha wanatoka kwenda sokoni, nao wako kwenye hatari hii hii. Maji ya ndimu yana furanokumarini, na ganda ndilo lenye nyingi zaidi. Madoa waliyotaka kuyaondoa yanarudi na wenzake.

Siku mbili kabla ya ndoa

Jumatano asubuhi tulikwenda hospitali. Daktari alitazama, akauliza maswali mawili, akakubaliana na karatasi yetu. Hakukuwa na mkanda wa jeshi, na shangazi alimwomba alirudie neno hilo mbele ya wifi zake, akalirudia. Maelekezo yalikuwa ya kawaida: malengelenge yasipasuliwe, kitambaa safi cha maji baridi mara kadhaa kwa siku, krimu ya kutuliza aliyoandika yeye kwa siku chache, na ngozi isione jua. Mtoto hakuhitaji dawa, ila mikono mirefu.

Nyumbani vita vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa piko. Mmoja wa mashangazi alitaka mikono ifunikwe kwa maua mazito ya piko mpaka kwenye kiwiko ili weusi usionekane. Piko ya madukani mara nyingi ina kemikali ya kupaka nywele, PPD, ambayo hata kwenye ngozi nzima huwaunguza watu. Kwenye ngozi iliyochubuka nisingeiruhusu, na nilisema hivyo kwa ukali ambao baadaye niliuombea radhi. Tulikubaliana hina ya majani, viganjani na miguuni, mbali na mabaka.

Cha pili kilikuwa mkorogo. Kilikuja kimyakimya, kikopo kisicho na jina, kutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa, eti kitang'oa weusi kabla ya Ijumaa. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini na watu wanazijua kwa majina. Kwenye ngozi yenye malengelenge kikopo kile kingegeuza alama ya miezi kuwa kovu la maisha. Nilikichukua nikaondoka nacho.

Ndoa ilifungwa Ijumaa baada ya swala. Gauni lilikuwa na mikono mirefu na kola ya juu, fundi alikesha. Alipendeza.

Harufu bila ngozi

Aliniuliza baadaye kama aache mafuta haya moja kwa moja. Nilimwambia hapana, na sababu yangu ni kwamba alichokitaka tangu mwanzo kilikuwa utulivu. Wiki za harusi zilimnyima usingizi, na harufu ya ganda la chungwa ilimkumbusha bibi yetu akimenya machungwa barazani. Hilo si la kudharau. Mwaka 2000 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo ya kuweka harufu ya machungwa kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno. Wanawake waliosubiri humo walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wale wa chumba kisicho na harufu. Faida hiyo iliingia kwa pua. Ngozi haikuhusika.

Kwa hiyo kwa kulala nilimwekea matone mawili ya chungwa kwenye kipande cha pamba, pamba ndani ya kisahani kando ya kitanda, dirisha wazi kidogo. Mwenye pumu au mtoto mchanga chumbani aache hata hilo. Kwenye chetezo asidondoshee: mafuta haya hushika moto kwa urahisi, mvuke wake unaanza kuwaka kwenye joto la nyuzi 50 hivi, na kaa la moto ni zaidi ya hapo mara nyingi. Kwenye maji ya kuoga hayachanganyiki, yanaelea na kugandamana na ngozi yakiwa makali vilevile, basi yatangulizwe kwenye mafuta ya nazi au sabuni. Sabuni inayooshwa na maji haina shida ya jua kama mafuta ya kupaka, na huko ndiko ninakoitumia ndimu yangu.

Kwa nguo, tone kwenye pindo la ndani la leso linatosha siku nzima. Kichupa kikae kabatini, baridi, gizani, kifuniko kimekazwa, kwa sababu limonini ikikutana na hewa kwa miezi hugeuka na kuanza kuleta mzio ambao haikuwa nao mwanzo. Kichupa kilichobaki robo tangu mwaka jana na kinanukia kama rangi ya mlango, mimi nafutia gundi ya lebo, mwilini hakigusi tena.

Ujumbe wangu nimeuandika upya na kumtumia kila niliyewahi kumpa ule wa zamani. Neno "jamii" halimo. Limeandikwa tunda, limeandikwa limetolewaje, limeandikwa matone mangapi na saa ngapi mbali na jua.

Yule dada

Nilimpigia mwenyewe Jumatano jioni, nikiwa na namba niliyoipata kwa mtoto wa jirani. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na michirizi ya shingoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Anti, kwa hiyo mama ameshaambiwa?" Nikamwambia ameambiwa, na daktari amesema, na nauli inatumwa.

Alikuja wiki iliyofuata. Mama wa mtoto alimwomba radhi sebuleni, mbele ya shangazi, kwa maneno yaliyonyooka, akamhesabia mshahara wa mwezi mzima na siku alizokosa. Alizipokea kwa mikono miwili. Alipoulizwa kama atarudi kazini alisema ameshapata shamba la mjomba wake, atakwenda huko. Hakuna aliyembembeleza zaidi.

Mtoto alikuwa nje. Alipomwona alikimbia, akapandisha mkono wa nguo mpaka begani kumwonyesha zile alama, zilizokuwa zimekolea zaidi kuliko siku niliyoziona. Yule dada alichuchumaa, akaweka vidole vyake vinne juu yake, kimoja kimoja. Vyake vilikuwa vifupi. Havikufika.